Sitaha saba, ndege 232: jinsi Uingereza ilivyoongeza manowari bila kuongeza ndege

Tarehe 1 Aprili 1918, siku Jeshi la Anga la Uingereza lilipoundwa, wanamaji walilikabidhi tawi lao zima la ndege: watu wapatao 55,000 na ndege zilizokaribia 3,000. Hakuna jeshi la majini lingine duniani lililokuwa na nguvu kama hiyo angani. Septemba 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi lile lile la majini lilikuwa na manowari saba za kubebea ndege, vikosi 20 vya ndege, na ndege 232 tu.

Wanaosimulia habari hii mara nyingi huishia kulaumu uhaba wa fedha, au wanasiasa waliokataa kuamini kwamba vita vinakuja. Fedha zilikuwa haba kweli. Lakini fedha za meli zilipatikana: katika bajeti za 1936 hadi 1939 Uingereza iliagiza manowari sita mpya za ndege, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote katika miaka hiyo. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwamba waliolala walishindwa kuamka. Waliamka, wakahesabu sitaha, wakaagiza sitaha. Kile kinachokaa juu ya sitaha, yaani rubani, fundi, ndege yenyewe, na mazoea ya kurusha ndege nyingi kwa mkupuo mmoja, kilikuwa kimekosa mwenyewe kwa miaka 20, na hakiagizwi kwenye karakana ya meli.

Kisa hiki kinatugusa sisi wa pwani hii kuliko tunavyokumbuka. Mwisho wa mlolongo huu ni meli za vita za Uingereza kukimbilia Kilindini mwaka 1942.

Walioanza mbele ya wote

Pwani yetu iliziona ndege za wanamaji mapema sana. Julai 1915 ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kwenda kuelekeza mizinga ya meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Bila jicho la angani mizinga ile ingekuwa inapiga mikoko tu. Tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamizwa.

Kufikia 1918 wanamaji hao walikuwa wamepiga hatua ambazo wengine walikuwa bado wanaziota. Julai mwaka huo ndege saba ziliruka kutoka sitaha ya Furious na kuchoma maghala ya ndege-puto za Kijerumani huko Tondern. Septemba ikaingia kazini Argus, meli ya kwanza yenye sitaha tambarare kutoka tezi hadi omo. Makamanda walikuwa tayari wanapanga kuishambulia meli za Wajerumani ndani ya bandari yao kwa ndege zaidi ya 100 zenye topido. Ni miaka 23 kabla ya Wajapani kuipiga Pearl Harbor, kituo cha majini cha Marekani, kwa namna hiyo hiyo.

Kisha wakanyang'anywa tawi lao. Sababu ilikuwa mabomu ya Wajerumani juu ya London mwaka 1917. Serikali ilimpa Jenerali Jan Smuts, yule yule aliyekuwa ameongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki mwaka 1916, kazi ya kutafuta dawa. Smuts akashauri jeshi moja la anga, litakalochukua ndege za nchi kavu na za baharini pamoja. Kwa ulinzi wa London lilikuwa shauri lenye mantiki. Kwa wanamaji lilikuwa kukatwa mkono. Maafisa vijana waliojua kuruka wakahamia jeshi jipya, na huko ndiko walikopanda vyeo. Waliobaki baharini kupanda hadi ukamanda walikuwa watu wa mizinga.

Rubani mmoja, mabwana wawili

Mwaka 1924 pande mbili zilipatana. Kikaundwa kitengo cha ndege za majini ndani ya Jeshi la Anga. Hadi asilimia 70 ya marubani wangeweza kuwa maafisa wa majini, lakini kila mmoja wao alibeba vyeo viwili, kimoja cha majini na kimoja cha anga. Wasoma ramani na watazamaji wote walikuwa wanamaji. Mafundi wengi walikuwa wa Jeshi la Anga. Wanamaji waliamua wanataka ndege ya namna gani na wakalipa gharama. Wizara ya Anga ndiyo iliyosimamia usanifu na ununuzi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Jeshi la Anga chini ya Hugh Trenchard liliamini kwa dhati kwamba vita vijavyo vitaamuliwa na mabomu juu ya miji ya adui. Kwa imani hiyo, kila mhandisi aliyekaa kuchora ndege ya kutua melini alikuwa ameondolewa kwenye kazi ya maana zaidi. Juu ya hapo palikuwa na kanuni iliyodumu kuanzia 1919 hadi 1932, kwamba mipango ya majeshi ifanywe kana kwamba hakutakuwa na vita kubwa kwa miaka kumi ijayo. Ndege za majini zilikaa mwisho wa foleni ambayo yenyewe ilikuwa haisogei.

Nawalaumu wanamaji pia, na zaidi ya wanavyolaumiwa kawaida. Kwa miaka yote ya 1920 na sehemu kubwa ya 1930 walipigania nani awe na mamlaka juu ya ndege. Hoja hiyo waliibeba kamati baada ya kamati. Hoja ya ngapi zinahitajika, na zifanye nini zikiwa pamoja, waliibeba kwa sauti ndogo. Ndege kwao ilikuwa ya kumtafuta adui, kumpunguzia mwendo kwa topido, kisha kusogea pembeni ili mizinga ifanye kazi. Mtu mwenye mtazamo huo haoni haja ya ndege 80 kwenye meli moja. 30 zinamtosha.

Sitaha inavyotumika

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wasimulizi wengi hupita mbio.

Idadi ya ndege ambazo manowari inaweza kubeba haiamuliwi na urefu wa meli peke yake. Inaamuliwa na utaratibu wa kuzipokea. Kwa Waingereza, ndege ikishatua ilisukumwa kwenye lifti, ikateremshwa kwenye banda chini ya sitaha, lifti ikarudi juu, ndipo inayofuata ikaruhusiwa kutua. Sitaha ilibaki tupu muda wote. Banda ndilo lililokuwa kipimo: ndege zinazoenea ndani ya banda ndizo ndege za meli. Njia hiyo ilitunza ndege zisipigwe na mawimbi na chumvi ya Atlantiki ya Kaskazini, na hilo si jambo dogo. Lakini iliwafunga. Kupokea ndege kumi na mbili kulikula muda mrefu, na wakati wote huo meli ililazimika kwenda mwendo mmoja kuukabili upepo. Nyaya za kunasa ndege inapotua waliziacha katikati ya miaka ya 1920 na kuzirudisha miaka ya mwanzo ya 1930. Kizuizi cha waya katikati ya sitaha, kinachowezesha ndege zilizotangulia kuegeshwa mbele huku nyingine zikitua nyuma, kilifika kwao mwishoni mwa muongo huo.

Wamarekani walikuwa na meli ya kwanza mbovu kuliko zote. Langley ilikuwa meli ya makaa ya mawe iliyogeuzwa, ya polepole, na ilizoea kufanya kazi na ndege 14 au chini ya hapo. Mwaka 1925 alipewa usimamizi Joseph Mason Reeves, mtu wa mizinga aliyesomea utazamaji wa angani akiwa mtu mzima. Akawakalisha marubani wake na kuwauliza maswali: mnatuaje haraka zaidi, mnaegesha wapi, nani anasukuma nini? Wakajaribu kuegesha juu ya sitaha badala ya kuteremsha kila ndege. Wakaweka kizuizi cha waya. Wakawavisha wasukumaji fulana za rangi kulingana na kazi. Ndani ya miaka michache Langley ile ile, bila kuongezwa hata futi moja, ilikuwa inafanya kazi na ndege 42.

Januari 1929, katika mazoezi ya kivita, Reeves aliitumia manowari ya ndege Saratoga kurusha ndege zipatazo 70 alfajiri moja kuushambulia mfereji wa Panama kimchezo. Mwaka huo manowari ya Uingereza yenye ukubwa wa Courageous ilibeba ndege zisizozidi 50.

Tofauti hiyo haikutokana na akili za watu. Wamarekani walikuwa na idara moja ya ndege za majini tangu 1921, chini ya William Moffett, iliyonunua ndege, iliyofundisha marubani na iliyoshika bajeti. Sheria ya 1926 ilitaka manowari za ndege ziongozwe na maafisa waliosomea urukaji, na matokeo yake wazee wakarudi shule: Ernest King alipata mabawa yake 1927, William Halsey 1935 akiwa na umri wa miaka 52. Uingereza, afisa wa majini aliyependa kuruka aliona wazi kwamba anajitenga na njia ya kupanda cheo. Nani angeuliza maswali ya Reeves, na kwa mamlaka gani?

Uamuzi wa 1936

Alipokuja mtu mwenye uzoefu wa manowari za ndege na mamlaka ya kuamua, alikuwa Reginald Henderson, aliyesimamia ujenzi wa meli zote za jeshi la majini. Mwaka 1936 Henderson alisukuma mbele muundo wa Illustrious: banda la ndege lililofungwa ndani ya sanduku la chuma cha deraya, juu yake sitaha yenye unene wa milimita 76. Mkataba wa wakati huo uliweka kikomo cha tani 23,000 kwa kila manowari ya ndege. Uzito wa chuma ukiupandisha juu, lazima upunguze kitu kingine. Kilichopunguzwa ni ndege. Ark Royal, iliyoingia kazini mwishoni mwa 1938, ilikusudiwa kubeba hadi 72 ingawa kwa kawaida zilikuwa chini ya hapo. Illustrious ikapangiwa 36.

Ni rahisi leo kumcheka Henderson, na ni makosa. Mwaka 1936 rada haikuwepo melini. Ndege za adui zingeonekana kwa macho zikiwa zimebaki dakika chache kufika, na ndege ya ulinzi iliyokuwa sitahani isingewahi kupanda juu. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa pekee ulikuwa mizinga na chuma. Miaka miwili baadaye rada za kwanza zikawekwa kwenye meli za Uingereza, na Illustrious yenyewe iliingia kazini 1940 ikiwa nayo. Hesabu ilikuwa imegeuka: sasa adui angeonekana kwa mbali, na aliye na ndege nyingi nzuri za ulinzi angeweza kumkabili njiani. Lakini chuma cha meli kilikuwa kimeshakatwa.

Tena ndege za ulinzi zenyewe hazikuwepo. Blackburn Skua, ndege ya kwanza ya Uingereza ya kutua melini yenye bawa la tabaka moja, ilitakiwa iwe ya kurusha mabomu na ya ulinzi kwa pamoja, na kwa kazi ya ulinzi ilikuwa nzito. Fairey Fulmar ilikuja 1940 ikiwa na bunduki nane na viti viwili, kwa sababu iliaminiwa kwamba mtu mmoja juu ya bahari tupu hawezi kuruka, kupigana na kutafuta njia ya kurudi kwa wakati mmoja. Wajapani na Wamarekani waliamini anaweza, wakajenga ndege za mtu mmoja zilizokwenda kasi kupita Fulmar. Ndege kuu ya mashambulizi ilikuwa Swordfish, iliyoingia kazini 1936, yenye mabawa ya tabaka mbili yaliyovikwa kitambaa, na kasi isiyozidi kilomita 230 kwa saa hivi.

Miezi ishirini na miwili haitoshi

Tarehe 30 Julai 1937 serikali ilitangaza uamuzi wa Sir Thomas Inskip, waziri wa kuratibu ulinzi: ndege za melini zirudi kwa wanamaji. Ndege kubwa za doria zinazoruka kutoka pwani zibaki kwa Jeshi la Anga. Makabidhiano yakakamilika tarehe 24 Mei 1939. Vita vikaanza Septemba 3.

Kilichokabidhiwa kilikuwa mifupa. Wanamaji walihitaji viwanja vya ndege, vyuo, maghala ya vipuri na mafundi kwa maelfu. Wakawaazima mafundi kutoka Jeshi la Anga. Wakafungua mlango kwa mabaharia wasio maafisa kusomea urubani, na mwaka 1938 wakaanzisha tawi la akiba kwa raia vijana. Hatua zote hizo zilikuwa sahihi, na zote zilikuwa zimechelewa kwa miaka mitano au sita. Kijana aliyeingia tawi la akiba 1938 angekuwa rubani mzuri 1940. Hawezi kuwa kamanda wa vikosi vya ndege mpaka vita viwe vimekaribia kwisha.

Linganisha na Washington. Mei 1938 bunge la Marekani liliidhinisha ndege za majini zisizopungua 3,000. Julai 1940, baada ya Ufaransa kuanguka, idadi hiyo ikapandishwa hadi 15,000. Idhini ya karatasi haiwi ndege siku inayofuata, ni kweli. Lakini walipopanua, walikuwa na chuo cha Pensacola kilichofundisha tangu vita vya kwanza, viwanda vilivyozoea kujenga ndege za melini, na makamanda waliojua ndege hizo zitafanya nini.

Kilichotokea vilipoanza

Siku 14 baada ya vita kuanza Courageous ilizamishwa na nyambizi. Juni 8, 1940 Glorious ilikutwa na manowari mbili za Kijerumani, Scharnhorst na Gneisenau, ikiwa haina hata ndege moja ya doria angani. Watu zaidi ya 1,500 walikufa siku hiyo, wa Glorious na wa meli mbili zilizokuwa zikiisindikiza, Ardent na Acasta. Manowari ya ndege kuuawa kwa mizinga, mchana, bila kurusha ndege: siwezi kulisoma tukio hilo bila kuona miaka 20 ya jeshi ambalo halikuwa limezoea kufikiri kwa ndege.

Halafu kuna Taranto, na haki lazima itendeke. Usiku wa Novemba 11, 1940 Swordfish 21 kutoka Illustrious ziliingia bandari hiyo ya Italia na kuzipiga topido manowari tatu kubwa. Ndege mbili tu hazikurudi. Mpango wake ulikuwa umeanza kufikiriwa tangu mgogoro wa Uhabeshi mwaka 1935, na marubani walikuwa wamejifunza kuruka usiku kwa miaka. Kwa ubora wa mtu mmoja mmoja, wanamaji hawa hawakuwa nyuma ya yeyote. Kilichokosekana ni mkupuo wa pili. Mpango wa awali ulitaka ndege 30. Hitilafu ya Eagle, manowari ya ndege iliyokusudiwa kushiriki, na ajali ndogo ndogo zikaiacha 21. Mwaka mmoja baadaye Wajapani waliipiga Pearl Harbor kwa ndege zipatazo 350 kutoka manowari sita.

Chuma cha Henderson kilipata siku yake pia. Januari 10, 1941, karibu na Malta, Illustrious ilipigwa mabomu sita na ndege za Kijerumani na bado ikafika bandarini kwa nguvu zake. Meli isiyo na deraya ingezama. Lakini soma lililotangulia dakika hizo: Fulmar chache zilizokuwa juu zilikuwa zimevutwa chini kuwafukuza Waitaliano wawili wenye topido, na Wajerumani walipotokea juu hapakuwa na wa kuwazuia. Meli iliokoka, kisha ikakaa nje ya vita karibu mwaka mzima ikitengenezwa Marekani.

Aprili 1942, kisha Kilindini

Baada ya Singapore kuanguka, Admirali James Somerville alipewa Kikosi cha Mashariki kuilinda Bahari ya Hindi. Kwenye karatasi kilipendeza: manowari tano kubwa za mizinga na manowari tatu za ndege, Indomitable, Formidable na Hermes. Mbili kati ya hizo tatu zilikuwa mpya kabisa, zenye sitaha za chuma. Ukihesabu sitaha, ni tatu dhidi ya tano za Wajapani waliokuwa wanakuja. Ukihesabu ndege, Somerville hakufikisha 100, na za ulinzi hazikufika 40, za aina tatu tofauti. Wajapani walikuwa na zaidi ya 250.

Somerville alijua. Mpango wake ulikuwa kukaa mbali mchana na kushambulia usiku kwa ndege za Albacore zilizokuwa na rada, jambo ambalo Wajapani hawakuwa nalo. Ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili aliyepewa vifaa vichache, na ulitegemea kumkuta adui jioni bila yeye kukukuta kwanza.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 5, Wajapani waliipiga Colombo, katika kisiwa cha Ceylon (leo Sri Lanka). Mchana huo huo wakazikuta kruza mbili, Cornwall na Dorsetshire, bila ndege ya kuzilinda. Ndege 53 za mabomu zikazizamisha zote mbili kwa muda usiofika nusu saa, na mabaharia 424 wakafa. Jioni Albacore kutoka Indomitable ziliwaona Wajapani. Moja ikadunguliwa, nyingine ikarudi imejeruhiwa, na wakati wa shambulio la usiku ulipofika adui alikuwa amepotea. Aprili 9 ikawa zamu ya Trincomalee. Hermes ilizamishwa karibu na pwani ya Ceylon, watu 307 wakafa. Haikuwa na ndege hata moja. Zake zilikuwa zimeachwa nchi kavu.

Manowari nne kuukuu za mizinga zikaamriwa zirudi magharibi, Kilindini. Mombasa ikawa kituo kikuu cha Kikosi cha Mashariki kwa zaidi ya mwaka. Bandari ikajaa, viwanja vya ndege za majini vikafunguliwa Kenya na Tanganyika, na wavunja siri za simu za Wajapani waliokuwa wamehamishwa kutoka Singapore na Colombo wakapewa shule ya Allidina Visram wafanyie kazi humo. Wazee wa Mombasa walioziona meli zile gatini waliona, bila kuambiwa, matokeo ya makubaliano yaliyotiwa sahihi London mwaka 1924.

Kutoka Kilindini iliwezekana kufanya lililo ndani ya uwezo. Mei 5, 1942 Illustrious na Indomitable zilifunika anga la Diego Suarez wakati Waingereza walipoingia Madagaska, ili Wajapani wasije wakapata kituo cha nyambizi zao hapo na kukata njia ya meli kwenda Suez. Septemba Illustrious ikarudi kufunika mashambulizi zaidi ya kisiwa hicho, ambako brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliandamana kuelekea Antananarivo. Dhidi ya ndege chache za Wafaransa, ndege za sitaha mbili zilitosha.

Wajapani nao walikuwa na kasoro yao, ya namna nyingine. Walikuwa na ndege, walikuwa na utaratibu wa kuunganisha manowari sita kuwa pigo moja, lakini walifundisha marubani wachache mno kwa makusudi, wakiwachuja hadi wakabaki bora kabisa. Vita vya kuchosha vya visiwa vya Solomon viliwamaliza hao bora, na hawakuwa na vyuo vya kuwazalisha wengine kwa kasi ile.

Meli ile ile

Uingereza ilijinasua, na namna ilivyojinasua inathibitisha ugonjwa ulikuwa wapi. Kuanzia 1941 vijana wake wa majini walipelekwa kusomea urubani Pensacola. Ndege za melini zikaja kutoka viwanda vya Marekani: Martlet kwanza, halafu Avenger na Corsair. Corsair ilikuwa ndefu mno kwa banda la Uingereza ikikunja mabawa, ikabidi ncha za mabawa zikatwe sentimita 20 hivi kila upande ili ienee. Mwaka 1943 Victorious ilitumwa Pasifiki kufanya kazi bega kwa bega na Saratoga, ile ile ya Panama, na mabaharia wake wakajifunza kuegesha juu ya sitaha na kupokea ndege mfululizo. Vita vilipoisha tawi la ndege za majini lilikuwa na manowari 59, ndege 3,700 na watu 72,000.

Saratoga ilifika Trincomalee mwishoni mwa Machi 1944 na kufanya mazoezi na Illustrious. Aprili 19 zikaipiga bandari ya Sabang, kaskazini mwa Sumatra, kwa pigo moja la pamoja. Ndege moja ya Marekani ikaangushwa na rubani wake akaokolewa na nyambizi ya Kiingereza, Tactician. Na mwaka 1945, katika Pasifiki, Illustrious ilikuwa ikifanya kazi na ndege zaidi ya 50, juu ya sitaha ile ile na banda lile lile lililopangiwa 36.